Skana Haikutajii Spea

Taa ya cheki injini ikiwaka, kabla hujampigia fundi simu, itazame vizuri. Kama imewaka na kutulia, una muda: gari litakufikisha nyumbani na kesho utalipima. Kama inapepesa, inawaka na kuzimika huku unaendesha, basi kuna silinda isiyochoma mafuta yake, na petroli mbichi inateremka kwenda kuungua ndani ya masega kwenye bomba la moshi. Masega yakipata moto wa namna hiyo yanayeyuka na kuziba. Punguza mwendo, legeza mguu kwenye mafuta, tafuta pa kuegesha. Taa ya oili na ya joto ni habari nyingine kabisa: hizo ukiziona unasimama na kuzima injini papo hapo, hakuna cha kupima wala kujadili.

Tuzungumzie ile iliyowaka ikatulia, maana ndiyo inayowala watu pesa. Utaratibu wa gereji nyingi unaufahamu. Fundi anachomeka mashine, maandishi yanatokea, anakuambia, "Bosi, oksijeni sensa imekufa." Unanunua oksijeni sensa. Taa inafutwa, unalipa, unaondoka. Wiki ya pili imerudi, na mashine inasema kilekile. Si lazima fundi awe mwongo. Mashine iliandika jina la sensa, naye akalichukua kuwa ndiyo spea ya kununua. Kumbe sensa ile huenda ndiyo iliyokuwa ikisema kweli: iliona moshi una hewa nyingi kuliko mafuta, ikaripoti, ikang'olewa kwa kosa la kuripoti.

Hilo ndilo la kushika. Msimbo unaosomwa na skana ni taarifa ya kile ambacho kompyuta ya gari, au kontroli boksi kama wanavyoiita mafundi, imekiona kimekwenda kombo. Sababu yake mnaitafuta wewe na fundi wako, na sehemu kubwa ya kuitafuta inafanyika kwa kusoma namba, kwa skana hiyohiyo, kabla spana haijashikwa.

Gari lako linasomeka?

Mfumo huu ulianzishwa kwa sababu ya moshi. Jimbo la California, lililokuwa limechoshwa na hewa chafu ya Los Angeles, lililazimisha magari mapya kuanzia ya mwaka 1988 yajichunguze yenyewe na kuwasha taa pale mfumo wa kupunguza moshi unapoharibika. Kila kampuni ikafanya kwa namna yake, na tundu lake na misimbo yake. Ndipo ikaja awamu ya pili, OBD-II, ambayo Marekani iliifanya lazima kwa magari madogo kuanzia modeli za 1996: tundu moja la pini 16 na misimbo inayofanana kwa kampuni zote. Ulaya ilifuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Japani, yanakotoka mengi tunayoendesha sisi, kanuni ya namna hiyo ilianza kwa modeli mpya mwaka 2008.

Mwaka huo 2008 uuweke kichwani. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo linaloshushwa Mombasa leo litasomeka bila taabu. Tanzania bado tunatembea na Vitz, IST na Corolla nyingi za kuanzia 1999 hadi 2007. Haya nayo mengi yana tundu la pini 16 chini ya usukani, lakini kompyuta zake zinatumia utaratibu wa mawasiliano wa soko la ndani la Japani. Unachomeka skana ya bei ndogo, inawaka, inatafuta, inatafuta, mwisho inasema haioni gari. Usiambiwe kontroli boksi imekufa. Baadhi ya programu za simu, Car Scanner ikiwemo, zina orodha ya kuchagua aina ya gari. Chagua Toyota ya soko la Japani ujaribu tena. Ikikataa, tafuta gereji yenye mashine kamili kama Launch au Autel.

Toyota nyingi za enzi hizo zina njia nyingine isiyohitaji skana hata kidogo. Tundu ukilitazama upande mpana ukiwa juu, safu ya juu ni pini 1 hadi 8 kutoka kushoto, ya chini ni 9 hadi 16. Unaunganisha pini ya 4 na ya 13 kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kupiga stata, na taa ya cheki injini inaanza kuhesabu. Ikipepesa mara mbili, ikapumzika, ikapepesa mara mbili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Mbili kisha tano ni 25, mchanganyiko una hewa nyingi. Ikipepesa haraka haraka bila kituo, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ila hesabu pini kwa makini: ya 16 ina umeme wa betri moja kwa moja, na ukiiunganisha na ya 4 utaunguza fyuzi ukiwa na bahati.

Kidude cha kununua

Kariakoo au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, utakachopewa ukiomba skana ya simu ni kidude kidogo kilichoandikwa ELM327. Hilo ni jina la chipu iliyobuniwa na kampuni ya Kanada, ELM Electronics, na karibu vyote vya bei ya chini ni nakala. Vinavyojitangaza kuwa toleo la 1.5 ni nakala kwa hakika, kwa sababu kampuni yenyewe haikuwahi kutoa toleo lenye namba hiyo. Cha ajabu, nakala za 1.5 mara nyingi zinafanya kazi vizuri kuliko zile zilizobandikwa 2.1, ambazo nyingi zimepunguzwa uwezo na haziwezi kuongea na magari ya kabla ya mwaka 2008 au hapo karibu. Muuzaji akikuambia 2.1 ni mpya zaidi, mshukuru na uchukue nyingine.

Kwa simu ya Android, cha Bluetooth ya kawaida kinatosha. Kwa iPhone, hakikisha ni cha Wi-Fi au kimeandikwa wazi kwamba kinakubali iPhone, la sivyo simu haitakiona kamwe. Programu ya Torque imezoeleka kwenye Android. Car Scanner inapatikana kote kuwili. Ukiona mambo ya simu ni usumbufu, kuna skana za mkononi zenye waya na kioo chake. Hizo hazichori grafu nzuri, lakini hazigomi.

Kuchomeka na kusoma

Tundu liko upande wa dereva, kwa kawaida chini ya dashibodi juu ya magoti yako, mara nyingine nyuma ya kifuniko cha plastiki karibu na boksi la fyuzi. Chomeka kidude swichi ikiwa imezimwa, kisha geuza ufunguo hadi taa zote za dashibodi ziwake, bila kupiga stata. Gari la kitufe, bonyeza mara mbili bila kukanyaga breki. Unganisha simu; namba ya siri ikiombwa ni 1234 au 0000.

Kabla hujagusa chochote, soma volti. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima inaonyesha karibu 12.6. Ikiwa chini ya 12, yachukulie kwa tahadhari yatakayofuata yote, kwa sababu betri iliyochoka huzifanya kompyuta na sensa zitoe malalamiko ya uongo. Nimeona gari lililojaza kioo kizima misimbo ya breki, ya usukani na ya mawasiliano, na dawa yake ikawa kusafisha terminali zilizoota unga mweupe. Injini ikiwaka, volti zipande hadi kati ya 13.5 na 14.7. Zisipopanda, tatizo lako la kwanza ni alteneta, mengine yasubiri.

Sasa soma misimbo. Herufi ya kwanza inakuonyesha eneo: P ni injini na gia boksi, C ni mambo ya chini kama ABS, B ni bodi na eyabegi, U ni kompyuta zilizoshindwa kuwasiliana. Tarakimu inayofuata ikiwa 0, maana yake ni ileile kwa magari yote. Ikiwa 1, ni ya kampuni husika, kwa hiyo itafute pamoja na jina la gari lako, maana P1 ya Nissan na ya Toyota zinaweza kuwa mambo mawili yasiyohusiana. Tarakimu ya pili ni mfumo: 1 ni mafuta na hewa, 3 ni uchomaji, 4 ni vifaa vya moshi, 7 ni gia boksi. Kwa hiyo P0301 inasomeka yenyewe: uchomaji, silinda namba 1.

Angalia pia kama msimbo umethibitishwa au unasubiri. Kwa makosa mengi kompyuta haiwashi taa mara ya kwanza. Inaweka kosa pembeni, na likijirudia safari inayofuata ndipo inawasha. Msimbo unaosubiri ni onyo la mapema, na hiyo peke yake ni sababu ya kuchomeka skana hata kama taa haijawaka.

Halafu, kitu ambacho watu wengi wanakifuta bila kukisoma. Msimbo unapowekwa, kompyuta inahifadhi pia hali ya gari wakati ule: mwendo, mizunguko ya injini, joto la maji, mzigo. Kwenye programu utaikuta kwa jina la Freeze Frame. Piga picha ya kioo. Gari lililomisi kwenye mizunguko 700, maji yakiwa nyuzi 30, lilimisi asubuhi likiwa baridi limesimama. Lililomisi kwenye mizunguko 3,500 likiwa na mzigo mkubwa lilikuwa linapanda mlima. Hayo ni magonjwa mawili, na msimbo wake ni uleule mmoja. Ukibonyeza kufuta, ushahidi huo umekwenda.

Namba zinazosema

Fungua sasa sehemu ya data ya moja kwa moja. Utaona orodha ndefu; nyingi huzihitaji. Nitakuonyesha ninazoanza nazo mimi.

Joto. Gari likiwa limelala usiku kucha, washa swichi tu na ulinganishe joto la maji na joto la hewa inayoingia. Yawe karibu sawa, tofauti ya nyuzi chache. Moja likisema 27 na jingine likisema -40, hakuna sensa inayopima baridi hiyo hapa kwetu, hata kileleni Kilimanjaro. Namba -40 ni alama ya waya uliokatika au soketi iliyochomoka, na mara nyingi unaimaliza kwa kuirudisha soketi mahali pake.

Kisha endesha gari dakika kumi na tano, ukiwa na mtu wa kusoma simu badala yako. Maji yapande na kutulia, kwa magari mengi kati ya nyuzi 85 na 95 au zaidi kidogo. Yakigota kwenye 65 au 70 barabara ikiwa wazi, na msimbo ni P0128, ninaweza kukuambia kilichotokea: kuna fundi alitoa thamostati akasema nchi yetu ni ya joto, haihitajiki. Ushauri huo umewagharimu watu mafuta mengi. Injini isiyofikia joto lake inahesabiwa na kompyuta kuwa bado ya baridi, kwa hiyo inaendelea kumwagiwa mafuta ya ziada, na oili yake haikauki maji. Rudisha thamostati. Kama gari lilikuwa likichemsha, tatizo lilikuwa rejeta, feni, pampu ya maji au gasketi, na bado lipo.

Presha ya manifoldi. Injini ikiwa imezimwa na swichi imewashwa, sensa hii, kwa gari lenye nayo, inapima hewa ya mahali ulipo. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa itaonyesha karibu 101. Nairobi itaonyesha karibu 83, kwa sababu mji uko juu. Mtu aliyesoma mtandaoni kwamba ni lazima iwe 101 atabadilisha sensa nzima akiwa Nairobi. Injini ikiwaka na kuunguruma bila mguu kwenye mafuta, itashuka hadi kati ya 25 na 40. Ikibaki 50 na zaidi, injini inavuta hewa pembeni au haina nguvu ya kufyonza.

Na sasa namba ninayoithamini kuliko zote: masahihisho ya mafuta. Programu inayaandika kwa kifupi STFT na LTFT, ya muda mfupi na ya muda mrefu. Kompyuta ina hesabu yake ya kiasi cha petroli cha kumwaga kwa kila hewa inayoingia. Oksijeni sensa inaonja moshi na kusema kama hesabu ilitoka sawa. Hewa ikizidi, kompyuta inaongeza mafuta na namba inakuwa chanya. Mafuta yakizidi, inapunguza na namba inakuwa hasi. Ya muda mfupi inacheza kila sekunde. Ya muda mrefu ni mazoea ambayo kompyuta imejiwekea. Zijumlishe. Jumla ikiwa kati ya -10 na +10, gari liko salama. Ikipita +20 na kukaa huko, P0171 iko njiani.

Chukua IST, Probox au Premio yenye injini ya 1NZ-FE, na msimbo ni huohuo P0171, mchanganyiko una hewa nyingi. Gereji itakupa majina matatu ya kununua: oksijeni sensa, sensa ya eyaflo, pampu ya mafuta. Usinunue. Acha injini ipate joto, iungurume yenyewe, soma. Tuseme LTFT ni +18 na STFT ni +6: jumla +24. Sasa mtu akanyage mafuta taratibu hadi mizunguko 2,500 na kuishikilia hapo. Jumla imeshuka hadi +5? Basi kuna tundu linaloingiza hewa baada ya sensa ya eyaflo. Injini ikiwa imetulia inavuta hewa kidogo, kwa hiyo hewa ya wizi ni sehemu kubwa ya pumzi yake; ikipandishwa inavuta nyingi, na ya wizi inamezwa.

Fungua boneti utazame ule mpira mkubwa unaotoka kwenye boksi la eya klina kwenda kwenye throto. Ukunje kwa mkono, maana nyufa zake zinajificha kwenye mikunjo. Angalia kama klipu zimekazwa. Mtu aliyebadilisha eya klina mara ya mwisho huenda aliirudisha kwa haraka. Fuata mipira midogo, hasa ule wa kupumulia unaotoka kwenye kifuniko cha valvu. Ubane kwa vidole huku mwenzako akitazama STFT: ukibana mpira wenye tundu, namba inashuka palepale. Mafundi wengine wanapuliza kabureta klina kuzunguka gasketi na kusikiliza injini inavyobadilika. Inafanya kazi, lakini ile ni kitu cha kushika moto, na wewe uko juu ya bomba la moshi lililoiva. Waachie wenyewe.

Sasa geuza mfano. Injini ikiunguruma yenyewe jumla ni +4, lakini ukipanda kilima mguu ukiwa chini inafika +20 na gari linakosa nguvu. Hewa haivuji popote. Ama mafuta hayafiki ya kutosha, kwa maana ya filta au pampu, ama sensa ya eyaflo imeshika vumbi na inahesabu hewa pungufu. Kwa barabara zetu za vumbi, eyaflo ndiyo ninayoanza nayo: inasafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, bila kuigusa kwa kitambaa wala mswaki, inaachwa ikauke, inarudishwa. Namba zisipobadilika, ndipo fundi apime presha ya pampu. Oksijeni sensa katika mifano yote miwili haina hatia.

Gari linalomisi

P0301, P0302 na kuendelea zinakupa silinda lakini hazikupi sababu. Kwa injini zenye koili moja kwa kila plagi, jaribio lake ni la bure. Zima injini. Silinda namba 1 kwenye 1NZ ni ile iliyo upande wa mikanda. Chomoa soketi ya koili yake, fungua boliti moja ya spana namba 10, vuta koili juu. Fanya hivyo kwa silinda ya 2, uzibadilishane, rudisha kila kitu, futa msimbo, uendeshe. Safari hii kufuta kuna maana, kwa sababu umeshaandika ulichokiona. Ukirudi P0302, ugonjwa umeifuata koili, na koili ndiyo utakayonunua, moja, si nne. Ukirudi P0301 uleule, koili ni nzima. Badilishana plagi ujaribu tena. Ukibaki palepale, zimebaki nozeli na mgandamizo wa silinda, na mgandamizo unapimwa kwa geji yake. Hapo skana imefika mwisho wa uwezo wake.

P0300, isiyotaja silinda, ni silinda tofauti zinazopokezana. Usibadilishe koili zote. Rudi kwenye masahihisho ya mafuta, kwa sababu hewa ya wizi au petroli hafifu inazigonga zote.

Masega na P0420

Msimbo huu unasema masega hayasafishi moshi inavyotakiwa. Kompyuta inajua hivyo kwa kulinganisha sensa mbili, moja kabla ya masega na moja baada yake. Masega yakiwa mazima, ya nyuma inakaa karibu volti 0.6 au 0.7 na kusogea polepole. Masega yakifa, au yakiwa hayapo, sensa ya nyuma inaanza kuruka kati ya 0.1 na 0.9 bila kutulia. Programu inaiandika B1S2. Iweke kwenye grafu, ushikilie mizunguko 2,500 kwa dakika moja, utaona mwenyewe.

Ninasema yakiwa hayapo kwa sababu ndani ya masega kuna platinamu, paladi na rodi, na kuna watu wanayanunua kwa kilo. Gari linaingia gereji kwa tatizo lingine, linatoka jepesi kidogo, na mwenye gari anaambiwa sasa litakuwa na nguvu. Kabla hujaliacha gari mahali usipopajua, soma grafu ya B1S2 na uihifadhi kwenye simu. Ukilichukua, soma tena.

Unaponunua gari la mtumba

Hapa ndipo kidude kinarudisha bei yake kwa siku moja. Kwanza geuza swichi na utazame dashibodi: taa ya cheki injini lazima iwake kabla ya kupiga stata, kisha izime injini ikishika. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameing'oa au ameiziba.

Pili, tafuta ukurasa wa vipimo vya ndani, ule unaoonyesha kama kompyuta imemaliza kuchunguza masega, oksijeni sensa na mengineyo. Misimbo ikifutwa, au betri ikichomolewa, vipimo hivyo vinarudi mwanzo, na inahitaji siku kadhaa za kuendesha kawaida kuvikamilisha. Gari linaloambiwa linatembea kila siku, halina msimbo hata mmoja, na vipimo vyake vyote havijakamilika, limefutwa leo asubuhi kabla hujafika. Magari mengi yanaonyesha pia kilomita zilizotembewa tangu misimbo ifutwe. Ikiandika 3, na muuzaji anaishi kilomita 3 kutoka hapo, huna haja ya kumuuliza chochote. Mwambie utarudi wiki ijayo, na gari liwe limetembea.

Usitegemee skana ya kawaida ikuambie kama kilomita za dashibodi zimerudishwa nyuma. Wala haitaona chasisi iliyopinda, oili iliyochakaa au klachi inayoteleza. Pale hakuna sensa. Vidude vingi vya bei ndogo havifiki kwenye ABS na eyabegi, kwa hiyo taa hizo zikiwaka nenda kwenye mashine kubwa. Kwa Prius na Aqua, msimbo wa kuuogopa ni P0A80, unaoilenga betri kubwa ya haibridi, na huo karibu unakutajia spea kwa jina. Hata hivyo mwambie fundi apime kila kundi la seli kwanza, na wewe mwenyewe usiguse nyaya za rangi ya machungwa, zina zaidi ya volti 100.

Ukimaliza, chomoa kidude. Pini ya 16 ina umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako, na gari likilala wiki nzima na kidude kikiwa tunduni, utakayempigia simu Jumatatu ni mtu wa kubusti betri.